Kivuli cha ndevu: Mbona wembe pekee hauwatoshi wanawake waliobadili jinsia

Mashamba ya chai ya Kericho na Bomet hayana mahali pa kujificha. Michai hupogolewa ikabaki kimo cha kiuno, safu baada ya safu, hivi kwamba mchumaji huonekana kuanzia kifuani hadi utosini na yeyote aliye ng'ambo ya bonde. Asubuhi jua humpiga usoni. Alasiri, kama ilivyo desturi ya nyanda hizo, huja mvua, na si ajabu iwe mvua ya mawe. Kipodozi alichopaka mtu alfajiri huwa kimekwisha kuoshwa kabla majani hayajafika kwenye mizani.

Kwa wachumaji wengi hilo si jambo la kuwakosesha usingizi. Kwa mwanamke aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa na kuandikishwa kuwa mvulana ilhali anajitambua na kuishi kama mwanamke, ni jambo zito. Mavazi hubadilishwa kwa siku moja. Sauti yaweza kulainishwa kwa mazoezi. Nywele za kichwani hufunikwa kwa kitambaa, kama wafanyavyo wachumaji wengi wa kike. Lakini weusi unaobaki kidevuni na juu ya mdomo baada ya kunyoa hurudi kila siku, na ndio ambao jirani huuona kwanza.

Miongoni mwa Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wengi wa kaunti hizo mbili, hata jina hutaja jinsia. Mvulana aliyezaliwa alfajiri huitwa Kipkoech. Msichana huitwa Chepkoech. Aliyezaliwa ng'ombe wakirejea nyumbani ni Kiprotich, au Cherotich akiwa wa kike. Kiswahili kina huruma zaidi katika jambo hili, kwa kuwa "yeye" ni yeye tu, awe mume au mke. Mtu anaweza kusimuliwa kutwa nzima katika soko la Litein bila jinsia yake kutajwa, mpaka jina lake litamkwe, au mpaka uso wake uonekane mchana.

Hofu ya kutambuliwa haikuzuka ndotoni. Januari 2023, mbunifu wa mitindo Edwin Chiloba aliuawa na mwili wake ukatupwa kando ya barabara karibu na Eldoret; Desemba 2024 aliyepatikana na hatia akafungwa miaka 50. Chiloba hakuwa mwanamke aliyebadili jinsia, lakini mauaji hayo yaliwatia kiwewe wote wanaoonekana kwenda kinyume na matarajio ya jamii kuhusu mume na mke. Katika mji huo huo, Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba utu wa mwanamke mmoja aliyebadili jinsia, aliyekamatwa mwaka 2019 na kupekuliwa mwili, ulikuwa umekiukwa. Aliamuru alipwe fidia ya Sh1 milioni, na akaitaka serikali iweke sheria ya kuwalinda watu wa hali hiyo.

Inafaa pia kueleza kwamba watu hawa si huntha. Huntha huzaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu 1,524 nchini Kenya. Waliobadili jinsia hawakuwa na safu yao katika sensa hiyo.

Weusi ulio chini ya ngozi

Neno "kivuli" linafaa kuliko inavyodhaniwa. Anayenyoa hukata unywele pale unapochomoza kwenye ngozi. Sehemu iliyobaki ndani ya kinyweleo, nene na nyeusi, haiguswi na wembe. Ngozi si ukuta. Hupitisha mwanga kiasi, na kilicho cheusi chini yake huonekana kama kijivu au buluu iliyofifia, jinsi mshipa wa damu unavyoonekana wa buluu mkononi ingawa damu ni nyekundu. Ndiyo sababu uso uliotoka kunyolewa dakika tano zilizopita, laini kwa kuguswa, unaweza bado kuonyesha kivuli.

Fauka ya hayo, ndevu hukua takriban theluthi moja ya milimita kwa siku. Aliyenyoa saa kumi na moja alfajiri huanza kuhisi ncha zake kabla ya jua kutua.

Ndevu hizo ziliitwa na homoni ya testosteroni wakati wa kubaleghe. Kabla ya hapo, uso wa mvulana una vinyweleo vilevile alivyo navyo dada yake, vinavyotoa malaika laini isiyoonekana. Homoni ikishafika, kinyweleo hugeuka na kuanza kutoa unywele mnene, na kikishageuka hakirudi kilivyokuwa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mwanamke anayetumia dawa za homoni chini ya uangalizi wa daktari, kwa kawaida estrojeni pamoja na dawa ya kuzuia testosteroni, huona ngozi ikilainika na nywele za mwilini zikipungua polepole. Ndevu hupunguza kasi tu. Haziondoki. Na wanaonunua vidonge hivyo kichinichini wakitarajia kidevu kisafishike hujitia katika hatari ya damu kuganda mishipani, na bado wembe watauhitaji.

Jeraha la wembe

Katika ngozi nyeusi kuna jambo ambalo maelezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu hayaligusi. Rangi ya ngozi yenyewe huficha sehemu ya kivuli cha ndevu. Ukimtazama kwa makini mtu mweusi mwenye "weusi wa ndevu," mara nyingi unachokiona si nywele zilizo chini ya ngozi pekee, bali ni madoa yaliyoachwa na wembe wenyewe.

Chanzo chake ni umbo la unywele. Nywele za kipilipili hujipinda tangu ndani ya kinyweleo. Wembe unapozikata, huziachia ncha iliyochongoka, na zinapokua hupinda na kuichoma ngozi kando ya tundu zilimotoka, au hukatiza chini kwa chini bila hata kutoka. Mwili huichukulia ncha hiyo kama mwiba. Ngozi huvimba, hutoa vipele, wakati mwingine hutunga usaha. Kipele kinapopona, ngozi nyeusi huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi kadhaa. Madoa mia mbili yaliyosongamana kidevuni na shingoni huwa kivuli kimoja. Kwa baadhi ya watu hutokea makovu yaliyovimba, yaitwayo keloidi, ambayo hayafichiki kwa poda yoyote.

Mtego wake ni huu. Anayetaka uso safi hunyoa mara nyingi zaidi na kwa karibu zaidi, akirudia mahali pamoja na kuvuta ngozi ili wembe ufike chini. Kadiri anavyofanya hivyo ndivyo ncha zinavyokatwa ndani ya ngozi, na ndivyo vipele vinavyoongezeka. Mwanamume mwenye tatizo hilo huambiwa na daktari aache kunyoa kwa majuma matatu au manne ngozi itulie, au atumie mashine inayobakisha unywele mfupi. Mwanamke aliyebadili jinsia hawezi kufuata lolote kati ya ushauri huo bila kujianika. Kwa hakika, ushauri mwingi uliomo vitabuni haukumfikiria.

Kilichobaki ni kupunguza madhara. Maji ya uvuguvugu yalowekwe usoni dakika chache ili nywele zilainike, kisha povu au krimu ya kunyolea. Wembe uwe wa makali mamoja, si ule wa makali matatu au manne ambao huuvuta unywele kabla ya kuukata na kuuacha ukirudi chini ya ngozi. Mkono ufuate upande ambao ndevu zinaelekea, bila kuvuta ngozi na bila kurudiarudia. Wembe uwe mpya au uliosafishwa, na usiwe wa kuazimana, kwani damu kidogo tu yatosha kuambukiza homa ya ini.

Maneno hayo ni mepesi kuyaandika. Katika nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa safu, ambako bomba ni moja kwa familia kadhaa na bafu ni la wote, maji ya uvuguvugu, kioo na dakika kumi za faragha ni anasa. Wembe mkavu gizani kabla majirani hawajaamka ndio njia ya mkato, nao ndio unaoumiza zaidi.

Wapo wanaotumia krimu au poda za kuyeyusha nywele, zinazouzwa madukani. Faida yake ni kwamba unywele huachwa na ncha butu badala ya iliyochongoka, hivyo vipele hupungua. Hasara yake ni kwamba dawa inayoyeyusha unywele huweza pia kuunguza ngozi ikizidishwa muda. Ijaribiwe kwanza mkononi, isubiriwe siku moja, isipitishe dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, na isitumiwe kila siku.

Kung'oa ni suala jingine. Wanawake wa Pwani wanajua tangu zamani kuondoa malaika kwa mchanganyiko wa sukari na ndimu, na saluni nyingi za mijini hutumia uzi au nta. Kwa malaika laini njia hizo ni nzuri. Kwa ndevu nene za kipilipili, unywele hukatikia ndani mara nyingi kama unavyong'oka, na ule unaoota upya hupotea njia chini ya ngozi. Aidha, anayekusudia kwenda kwenye leza siku moja hana budi kuacha kung'oa majuma kadhaa kabla, kwani leza huhitaji mzizi uwepo. Kunyoa hakuna ubaya kwa leza.

Kuficha: rangi dhidi ya rangi

Kosa la kwanza la anayeanza ni kupaka krimu ya rangi ya ngozi moja kwa moja juu ya kivuli. Krimu hiyo ikichanganyika na weusi wa chini hutoa kijivu kama cha majivu, na uso huonekana mgonjwa. Akiongeza tabaka la pili na la tatu, sasa kinachoonekana ni kinyago.

Wapambaji hutumia kanuni ya wachoraji, kwamba rangi huuawa na rangi iliyo kinyume chake. Kinyume cha buluu ni rangi ya machungwa. Kwa hivyo kwanza hupakwa tabaka jembamba la krimu ya rangi ya machungwa penye kivuli tu, yaani juu ya mdomo, kidevuni na kando ya taya. Kwa ngozi ya maji ya kunde, rangi ya machungwa ya kawaida inatosha. Kwa ngozi nyeusi sana, nyekundu ya matofali ndiyo hufaa. Asiye na uwezo wa kununua kipodozi maalumu anaweza kutumia rangi ya mdomo ya machungwa, na wapambaji wengi wenyewe walianza hivyo. Rangi hugongwagongwa kwa kidole au kisifongo, haisuguliwi. Juu yake hunyunyizwa poda kidogo ili ishike. Ndipo ije krimu ya rangi ya ngozi, tena kwa kugonga, na poda ya mwisho ikikandamizwa. Rangi ya krimu ilinganishwe na shingo mchana, nje ya duka, maana taa za dukani hudanganya.

Kazi hiyo huchukua nusu saa kwa asiye na uzoefu. Jasho likianza kumtoka, afute kwa kukandamiza kitambaa, si kwa kupangusa. Na kama atakuwa shambani kutwa, ukweli ni kwamba hakuna poda itakayoishinda mvua ya Kericho. Wapambaji huzungumza juu ya vipodozi visivyoondoka kwa maji, navyo vipo, lakini vilibuniwa kwa ajili ya bibi harusi atakayetoa machozi mara mbili. Havikubuniwa kwa ajili ya mtu mwenye kapu mgongoni na tone likimwagika kutoka kwenye ukingo wa kofia. Kitambaa kilichofungwa chini ya kidevu hufanya kazi kubwa zaidi huko, na hakiulizwi swali na yeyote.

Kinga ya jua nayo isidharauliwe, hata kwa ngozi nyeusi. Madoa yaliyoachwa na vipele huzidi weusi yakipigwa na jua, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, karibu kabisa na Ikweta. Ubaridi wa hewa ya huko huwapumbaza watu wakadhani jua lake ni dogo.

Krimu za mkorogo

Hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote. Mtu anayeona weusi usoni mwake hufikiria kwanza kuung'arisha, na krimu za kufanya hivyo huuzwa kwa bei nafuu, bila maelezo, wakati mwingine zikiwa zimekorogwa na muuzaji mwenyewe. Viwango vya Kenya vinapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bidhaa hizo hazikomi kunaswa madukani. Zebaki hupenya ngozini na kuharibu figo.

Haidrokwinoni ina kisirani cha aina yake. Mwanzoni hung'arisha kweli. Ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari, huweza kuleta mabaka ya buluu iliyochanganyika na nyeusi, ambayo ni magumu mno kutibu. Mwanamke huyo, aliyekuwa akikimbia kivuli cha rangi hiyo hiyo, hujikuta nacho mashavuni ambako ndevu hazijawahi kuota. Krimu zenye steroidi kali, ambazo nazo huchanganywa kwenye mikorogo, huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na mojawapo ya madhara yake yanayojulikana ni kuotesha nywele pale zinapopakwa.

Dawa ya malale kidevuni

Ipo krimu moja halali yenye kisa kinachowahusu Waafrika. Dawa iitwayo eflornithini ilitengenezwa kwa matumaini ya kutibu saratani, ikaja kugundulika kuwa inatibu aina ya malale inayopatikana Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda. Katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji wake ulisitishwa, kwani wagonjwa wa malale hawakuwa soko la faida. Kisha ikaonekana kwamba dawa hiyo hiyo ikipakwa usoni hupunguza kasi ya nywele kuota. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha krimu yake kwa wanawake wenye nywele usoni, na mwaka uliofuata, kwa shinikizo la madaktari na wanaharakati, Shirika la Afya Duniani likafikia makubaliano na kampuni ya Aventis ya kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale. Msomaji ataamua mwenyewe kama acheke au alie. Krimu hiyo haiondoi ndevu. Huzichelewesha tu, na ikiachwa hurejea kama zilivyokuwa.

Kufika kwenye mzizi

Njia zinazofika kwenye mzizi ni mbili, leza na umeme wa sindano.

Leza hutuma mwanga unaofyonzwa na rangi nyeusi ya unywele. Mwanga hugeuka joto, na joto huunguza kinyweleo. Kasoro ni kwamba ngozi nyeusi ina rangi hiyo hiyo. Mashine iliyotengenezwa kwa ngozi nyeupe haibagui. Humwunguza mteja mweusi kabla ya kuufikia mzizi, na kumwachia malengelenge, kisha madoa meusi au meupe. Ngozi ya Mwafrika huhitaji leza ya YAG, yenye mawimbi marefu ya nanomita 1,064, ambayo hupita juu juu bila kufyonzwa sana na hufika chini. Hili ndilo swali la kwanza la kuuliza kliniki kabla ya kutoa hata shilingi: mashine yenu ni ya aina gani? Anayejibu kwamba mashine yake inafaa kila mtu bila kufafanua anastahili kuagwa kwa heshima. Swali la pili ni kama watajaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya na kusubiri. Vifaa vya mwanga vya kutumia nyumbani, vinavyotangazwa sana siku hizi, aghalabu huja na onyo kwamba havifai ngozi nyeusi, ingawa onyo hilo huandikwa kwa herufi ndogo.

Mara moja haitoshi, na sababu yake mchumaji chai anaielewa kuliko mtu wa mjini. Mchai hauchumwi wote kwa siku moja. Huchumwa majani mawili na kichipukizi yaliyo tayari, kisha mchumaji hurudi baada ya siku kadhaa kuchukua yaliyochipua. Vinyweleo navyo huenda kwa zamu: vingine vinakuza, vingine vimelala. Leza huua vile tu vinavyokuza siku hiyo. Kwa hiyo mteja hurudi kila baada ya majuma manne hadi manane, mara sita, nane au zaidi. Hata hapo, wadhibiti wa dawa na vifaa vya tiba wa Marekani huruhusu leza iitwe njia ya kupunguza nywele kwa kudumu tu, si kuzimaliza. Nywele zilizoingia mvi haiwezi kuzigusa kabisa.

Umeme wa sindano ndio wanaoukubali kuwa njia ya kuondoa nywele moja kwa moja, nao ni mkongwe. Mwaka 1875 Dkt Charles Michel, tabibu wa macho wa mji wa St. Louis, Marekani, alieleza jinsi alivyoondoa kope zilizopindia ndani na kukwaruza jicho kwa kuingiza sindano yenye umeme kwenye shina la kila kope. Kwa ndevu ni vivyo hivyo: sindano nyembamba kama unywele wenyewe huingizwa katika kinyweleo kimoja, umeme hupita, unywele hutolewa, kisha kinafuata kingine. Haijali rangi ya ngozi wala mvi. Lakini ndevu ni maelfu, na kuzimaliza huweza kupita saa 100, zikigawanywa kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Inauma, hasa juu ya mdomo. Mwenye asili ya keloidi amweleze mtaalamu mapema.

Kikwazo kingine ni barabara. Huduma hizi zimejikita zaidi Nairobi, umbali wa takriban kilomita 260 kutoka Kericho. Ziara nane za leza, kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 4,000 za matatu, na kila ziara ni siku moja au mbili ambazo mchumaji anayelipwa kwa kilo hapati kitu. Kwa umeme wa sindano, unaodai kurudi kila juma, hesabu hiyo haifanyiki kabisa kwa anayeishi mlimani. Wanaoweza huhamia mjini.

Jambo moja huwapa ahueni waendao kliniki. Nywele za usoni si tatizo lao peke yao. Takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa ana hali ya kuvurugika kwa homoni inayoambatana na vifuko vidogo kwenye ovari, ambayo huotesha ndevu kwa baadhi yao. Wengine huota ndevu wakifikia ukomo wa hedhi. Wao pia hunyoa kwa siri, nao huketi katika kiti kilekile, mbele ya mashine ileile. Mtaalamu wa ngozi hahitaji kujua zaidi ya aina ya ngozi, dawa zinazotumiwa na historia ya makovu.

Uso na kitambulisho

Ndevu zikishapungua, huanza tatizo ambalo hakuna mashine inayolitibu. Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliliagiza Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC) kumpa Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia na mtetezi maarufu wa haki za wenzake, cheti kipya cha KCSE chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Alipata amri hiyo kwa kwenda mahakamani. Wengi wa vijijini hubaki na karatasi zilizoandikwa Kip- badala ya Chep-, na kitambulisho chenye picha iliyopigwa wakiwa na umri wa miaka 18, kivuli kikiwa kimeshaanza kujaa juu ya mdomo.

Kadiri uso unavyosafishika, ndivyo unavyozidi kuikana picha hiyo. Kizuizi cha polisi barabarani huonyesha hilo, na vivyo hivyo dirisha la benki. Wakulima wanapolipwa bonasi ya majani chai na vibanda vya M-Pesa vya Litein na Sotik vikajaa foleni, wakala hudai kitambulisho kabla ya kutoa fedha. Huitazama picha, humtazama mteja, kisha huirudia picha.